Antena Chini ya Zulia

Kwa huzuni isiyo na kifani, familia ya Mzee Mungai wa Woodley, Nairobi, inatangaza kuondoka ghafla kwa Antena, mtoto wa pekee wa fenda ya kushoto ya gari aina ya Pijo 404 ya mwaka wa 1968, aliyetutoka Jumatatu asubuhi katika gereji ya Okinyi, Dagoretti Corner, baada ya kuugua kutu kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa mpwa wa bampa na binamu wa waipa zote mbili. Ameacha tundu moja. Tundu hilo litazibwa kwa pati kabla ya rangi kupigwa. Bwana alitoa, fundi ametwaa.

Nilisoma tangazo hilo kwa sauti ya redioni nikiwa nimesimama juu ya tairi, mkono kifuani, na hakuna aliyelia. Okinyi, ambaye ndiye aliyeing'oa antena, hata hakuinua uso.

"Msichana, shuka kwa hiyo tairi, ni ya wenyewe."

Anko Macharia alicheka mpaka akakohoa. Guka, yaani Mzee Mungai mwenyewe, hakucheka. Alikuwa ameishika ile fimbo ya chuma kwa mikono miwili, kama watu wanavyoshika bakora ya mzee aliyezikwa, akiuliza kama kuna gazeti la kuifungia.

Jina langu ni Wamucii, kidato cha tatu. Wakati huo nilipaswa kuwa shuleni, lakini shule ilikuwa imenipa majuma mawili ya kwenda kutafakari. Kosa langu ni kwamba niliingia chumba cha vipaza sauti na, kwa sauti ya naibu wa mwalimu mkuu, nikawaamuru wanafunzi wote wa kidato cha kwanza walete magodoro uwanjani yapimwe uzito. Magodoro mia moja na themanini yalitoka. Kisha mvua ikanyesha. Mama yangu anafanya kazi Nakuru na hakutaka kuniona, kwa hiyo nilitumwa Woodley kwa Guka, babu yangu, ambaye hajawahi kunikemea. Nimeitwa jina la mama yake mzazi, na kwa sababu hiyo huniita Maitu, yaani mama. Ni vigumu kumchapa mama yako.

Gari lilikuwa la Guka, lakini mipango ilikuwa ya Anko Macharia, mwanawe wa mwisho. Anko alitaka kulikodisha kwa harusi. Alitaka bodi laini kama yai: rangi ya damu ya mzee, viti vya ngozi, rimu zinazong'aa, na kitu chochote kisitokeze nje. Antena ndiyo iliyokuwa adui yake mkubwa. Katika harusi ya majaribio kule Lavington, shela ya bibi harusi ilinaswa kwenye antena, dereva akaondoa gari, na shela ikafika kwenye sherehe dakika tano kabla ya mwenyewe.

Guka alikubali yote kwa sharti moja. "Pakeni rangi mnavyopenda. Lakini redio isikie."

Na hapa lazima nieleze habari za Mzee Wesonga, maana bila yeye antena ni waya tu.

Guka na Wesonga walikuwa mafundi wa redio kwa miaka thelathini na miwili. Kazi yao ilikuwa kuzunguka na Pijo hilo, Limuru, Kikuyu, Ngong, wakipima mawimbi ya kituo yanafika wapi na yanakatikia wapi. Guka aliendesha. Wesonga alikaa kiti cha kushoto na mita mapajani na daftari juu ya goti. Walipostaafu, Wesonga alirudi kwao Kimilili, na tangu hapo kila Alhamisi saa kumi jioni, katika kipindi cha salamu, mmoja alimtumia mwenzake salamu, na wiki iliyofuata mwenzake akajibu. Miaka ishirini na mmoja. Mtasema kuna simu. Walikuwa nazo. Walizitumia kuulizana kama salamu zimesikika.

Ndani ya nyumba kuna redio nzuri, lakini Guka alisema ile ni ya taarifa ya habari. Salamu za Wesonga zilisikilizwa garini, kiti cha kushoto kikiwa wazi.

Tangu Januari Wesonga alikuwa kimya. Simu yake ilisema mteja hapatikani. Guka hakuwa na namba ya mtoto hata mmoja wa Wesonga. Gari lilipokuwa gereji halina milango, bado Guka alikwenda Dagoretti Corner kila Alhamisi, akakaa ndani ya lile pakacha la chuma huku Okinyi akigonga nyundo, akasikiliza majina ya watu wa Kenya nzima yakisomwa. Wesonga hakuwemo. Alhamisi kumi na moja.

"Labda mgonjwa," Guka alisema. "Akipata nafuu ataandika."

Okinyi aliificha antena kwa ustadi wa hali ya juu. Alichukua waya, akaupitisha nyuma ya dashibodi, akaulaza chini ya zulia mpaka kiti cha nyuma. Redio mpya aliifungia ndani ya uso wa ile ya zamani. Ukiangalia, hakuna kilichobadilika. Ukisikiliza, hakuna kilichobaki.

"Okinyi," Guka alisema kwa upole, "waya ndani ya chuma ni kama mtu ndani ya tangi la maji. Unamwita, haitiki."

"Mzee, itashika tu. Hii Nairobi mawimbi ni mengi, hata jiko inashika."

Haikushika. Gari lilirudi Woodley likiwa zuri mpaka majirani wakaja kujitazama kwenye mlango wake, na Alhamisi ya kwanza tulikaa ndani, Guka mbele na mimi nyuma, tukasikiliza mtu akikaanga viazi. Katikati ya yale mafuta kulikuwa na sauti ya mwanamke, mbali sana, akisoma majina. Guka aliinama mpaka sikio likagusa spika. Nusu saa. Alipoinuka, alama za matundu ya spika zilikuwa zimechapwa shavuni.

"Labda amesoma leo," alisema. "Labda amesoma jina na sisi hatukusikia."

Hapo ndipo nilipoona tulichomfanyia. Kabla ya hapo kimya kilikuwa cha Wesonga. Sasa Guka hakujua tena ni cha nani.

Alimwambia Anko atoboe fenda, antena irudi. Anko alishika kichwa.

"Baba, nina harusi Lavington Jumamosi ya wiki ijayo. Wameona picha! Baada ya hiyo nitatoboa hata paa."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi moja tu, Baba. Huyo rafiki yako amenyamaza tangu Januari, atashindwa kunyamaza wiki moja zaidi?"

Guka alitoka nje akaenda kumwagilia sukuma wiki ambazo mvua ilikuwa imekwisha kuzimwagilia.

Sasa nafika kwenye mchango wangu kwa taifa. Katika droo ya Anko kulikuwa na kidude kidogo cha betri, cha ukubwa wa kidole gumba, ambacho hurusha muziki kutoka kwenye simu mpaka kwenye redio ya gari. Unachagua namba ile ile ya kituo, na kwa kuwa wewe uko karibu na kituo kiko mbali, redio inakuchukua wewe. Kinafika mita tano, ukibahatika kumi. Nilijifungia bafuni Jumatano na simu yangu na ndoo ya kutoa mwangwi, nikarekodi. Sauti ya yule mtangazaji wa kipindi cha salamu si ngumu. Anavuta mwisho wa kila jina kama anayevuta kamba ya ng'ombe.

Naapa nilianza kwa huruma. Lakini huruma yangu haijafunzwa kukaa sehemu moja.

Alhamisi saa kumi kamili Guka aliwasha redio. Kidude kilikuwa ndani ya mfuko wa sweta yangu, nyuma ya kiti chake. Viazi vilikaangwa kidogo, nikabonyeza, na kelele zote zikakatika.

"Na sasa, msikilizaji, salamu za kipekee zinatoka kwake Fundi Silas Wesongaaa wa Kimilili, zimfikie Fundi Mungaiii pale Woodley, Nairobi, pamoja na wote wanaomfahamu. Ujumbe wake: nilikuwa naumwa, sasa nina nafuu. Nakuja Nairobi Jumamosi. Tukutane saa sita mchana pale pale petu."

Nikaweka na wimbo. Jumla dakika nne.

Ile habari ya kukutana haikuwa kwenye karatasi niliyokuwa nasoma. Iliniponyoka bafuni, na iliposikika vizuri kwenye ndoo sikuwa na moyo wa kuifuta. Hata sikujua "pale pale petu" ni wapi. Nilidhani Guka atatabasamu, atasema Wesonga huyo, na Jumamosi nitamrekodia nyingine kwamba safari imeahirishwa.

Guka hakutabasamu. Alizima redio wimbo ukiwa katikati. Aliweka mkono wa kushoto juu ya kiti cha kushoto, akauacha hapo.

"Imeshika vizuri sana leo," alisema.

"Okinyi ni fundi, Guka."

"Hmm."

Kisha akaingia ndani kutafuta tai.

Ijumaa asubuhi, kama saa tano, nilitumwa chapati kwa Mama Awuor, ambaye ana kibanda nje ya geti la mtaa. Alikuwa anafunga virago. Alinishika mkono badala ya kunipa chapati.

"Pole sana, mami. Mwambie Guka pole. Nimemwona kwa veranda anang'arisha viatu, nikajua habari imemfikia, nikaogopa hata kumsalimia."

"Habari gani?"

"Si ya rafiki yake? Jana, kwa kile kipindi cha salamu. Kabla waanze wakasoma tangazo. Mzee Silas Wesonga amelala, huko Kimilili, kumbe amekuwa hospitali kutoka Januari. Anazikwa kesho saa sita. Familia ikasema inamtafuta Mungai wa Woodley, walifanya naye kazi, mzee aliacha neno kwamba asizikwe Mungai hayuko." Alinitazama. "Nyinyi hamkusikia?"

"Tulisikia," nikasema.

"Basi apande basi ya leo jioni, asubuhi atakuwa Bungoma, karibu na huko. Bado ana wakati. Mimi naenda kwa dada yangu Kayole, ningekuja kuwaona."

Nilirudi nyumbani bila chapati. Naijua hesabu, nilipata alama nzuri. Saa tano asubuhi mpaka basi la jioni ni muda mrefu. Mtu anaweza kusema sentensi moja mara elfu kadhaa. Guka alikuwa kwenye veranda, soksi moja mkononi kama kitambaa, viatu viwili vyeusi vikiwa vimepangwa juu ya gazeti. Alikuwa anapiga mbinja. Sikuwa najua kwamba Guka hupiga mbinja.

"Maitu, njoo. Hii ya buluu au hii ya mistari?"

Nilifungua mdomo. Najua kuiga sauti ya naibu wa mwalimu mkuu, ya padri, ya mtangazaji, ya mama yangu akiwa kwenye simu na bosi wake. Nilizitafuta zote, hakuna iliyojua maneno hayo.

"Ya buluu," nikasema.

Jioni nilisimama nje ya mlango wa chumba chake mara tatu. Mara ya tatu aliuliza, "Ni nani?" nikasema ni mimi, naenda chooni.

Jumamosi Guka alitoa gari kabla Anko hajafika kulipamba kwa maua. Alivaa koti la kazi la zamani, lenye mfuko wa bisibisi, na tai ya buluu juu. Ngong Road watu walitupigia honi za heshima. Kumbe pale pale petu ni bustani ya Jeevanjee, benchi lililo karibu na njia, ambapo mafundi wawili walikula chakula cha mchana miaka thelathini na miwili. Guka alinunua pakiti mbili za maziwa na mandazi manne.

"Wesonga hali kitu Nairobi bila maziwa," alinieleza.

Tulikaa. Mhubiri mmoja mwenye spika iliyopasuka alikuwa akitutangazia moto wa milele, na nilimsikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza mhubiri yeyote. Mpiga picha alikuja, "Mzee, picha na mjukuu?" Guka akamwambia angoje kidogo, kuna mwenzetu anakuja, tutapiga watatu. Yule mtu akakaa kwenye ukingo wa majani na kamera yake, kungoja.

Saa sita ilifika. Huko Kimilili walikuwa wanashusha jeneza. Nilijua, na nilikuwa nimeshika pakiti ya maziwa ya marehemu.

"Labda kuna foleni Westlands," nikasema, kwa sababu mimi ni mtu wa aina hiyo.

"Labda."

Simu ya Guka iliita mara nane, ni Anko Macharia. Guka aliitazama ikiita. Mpiga picha alichoka akaenda. Kila mzee mrefu aliyeingia bustanini, Guka aliinua mgongo kidogo, kisha akaurudisha. Aliyafungua mandazi, akayahesabu kama yamepungua, akayafunga tena.

Saa saba kasoro robo alisimama. Pakiti moja aliiacha juu ya benchi, upande wa kushoto.

"Twende kwa gari."

Nilidhani tunakwenda nyumbani. Nilikaa nyuma, mahali pangu. Guka hakuwasha injini. Aliwasha redio. Ilichemka kama kawaida. Alizungusha kitufe taratibu, toka mwisho mmoja mpaka mwingine, kwa vidole viwili, kama daktari. Hakuna hata mtu mmoja aliyesema neno katika jiji zima la Nairobi. Akazima.

"Maitu. Hii antena haijashika kitu tangu itoke kwa Okinyi. Alhamisi ilishika kama mtangazaji amekaa kwa goti langu."

"Saa zingine mawimbi, Guka, yanaweza..."

"Nimepima mawimbi miaka thelathini na miwili. Hayatoki kiti cha nyuma."

Nje askari wa kanjo, yaani wa jiji, alikuwa anatembea kati ya magari. Nilimwomba Mungu atukamate.

"Sijakasirika," Guka alisema. Alikuwa ananiangalia kwenye kioo, na macho yake yalikuwa na kitu kibaya sana ndani yake, yalikuwa yanacheka kidogo. "Nilijua kutoka neno la kwanza. Nikasema, aha. Wesonga amempata mtoto kwa simu, wamepanga kunichezea. Huyo mtu ni mtundu kama wewe, hujamjua tu. Nikasema wacha nivae tai niende, nisiwaharibie." Aligusa fundo la tai. "Lakini sasa amechelewa. Niambie tu. Alikupigia lini?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Kwa hasira nina majibu mengi.

"Hakunipigia, Guka."

"Basi alimpigia nani?"

"Hakuna. Ni mimi tu. Nilijirekodi bafuni."

Kile kitu kilichokuwa kinacheka kilizimika. Alipozungumza tena ilikuwa sauti ya kazini, ya mtu anayesoma mita.

"Hicho chombo chako kinarusha mbali gani?"

"Mita tano. Kumi."

"Ulirusha dakika ngapi?"

"Nne."

"Kuanzia mwanzo wa kipindi."

"Ndiyo, Guka."

"Mwanzo wa kipindi husomwa matangazo." Hakugeuka. Mkono wake ulikuwa umerudi juu ya kile kiti cha kushoto. "Na tangu jana unanipita ukutani kama panya. Hapo chini ya sauti yako, Maitu, kituo kilikuwa kinasema nini?"

Niliitafuta ile sauti ya mtangazaji, maana maneno ya tangazo la kifo yameandikwa kwa sauti ile na yakisemwa hivyo hayawi ya mtu. Sikuipata. Ilitoka yangu, ndogo, ya mtoto wa kidato cha tatu.

"Mzee Wesonga amekufa, Guka. Alikuwa hospitali tangu Januari. Wamemzika leo saa sita. Walisoma jina lako, walisema wanakutafuta, alitaka uwepo. Mama Awuor aliniambia jana saa tano, na basi la jioni lilikuwepo, na mimi nikakuchagulia tai."